Rivolva ya Kukoki kwa Gumba na Kujilinda kwa Siri Nchini Marekani

Nchini Marekani, ambako mamilioni ya watu hutembea na bastola iliyofichwa chini ya nguo kwa nia ya kujilinda, silaha nyingi zinazobebwa ni za kisasa, zinazojisheheni zenyewe kwa nguvu ya risasi iliyotangulia. Lakini wapo wachache wanaochagua rivolva ya muundo wa karne ya 19, ile ambayo nyundo yake sharti ivutwe nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Uchaguzi huo huwashangaza wengi, na mjadala wake huishia katika swali moja tu, yaani iwapo silaha hiyo ina kasi ya kutosha mbele ya mshambuliaji. Swali hilo ni la haki, ila halitoshi, na pengine halistahili kutangulia, kwa sababu bastola ya kujilinda hubebwa kwa maelfu ya saa garini, dukani na kwenye ngazi za nyumba, ilhali hutumika kwa sekunde chache, kama itatumika kabisa. Silaha ya namna hiyo yapasa kupimwa kwanza kwa mwenendo wake katika zile saa ndefu za kukaa kiunoni, kisha kwa yale inayomdai mtu aliyeshikwa na hofu, na katika vipimo vyote viwili rivolva ya kukoki kwa gumba hudhihirisha gharama ambazo wanunuzi wengi wa silaha hawazifikirii wanaposimama dukani.

Rivolva ni bastola yenye silinda, yaani kipande kizito cha chuma cha mviringo kilichotobolewa vyumba vitano au sita vya risasi viitwavyo chemba, ambacho huzunguka nyuma ya mtutu na kuileta chemba moja baada ya nyingine mbele ya nyundo. Samuel Colt wa Connecticut alipata hataza ya Marekani ya silaha hiyo mwaka 1836, na ingawa kiwanda chake cha kwanza mjini Paterson, New Jersey, kilifilisika baada ya miaka michache, vita kati ya Marekani na Mexico vilimrudisha sokoni mwaka 1847 kwa oda ya serikali. Katika mtindo alioueneza, gumba ndilo linalofanya karibu kazi yote: linapoivuta nyundo nyuma, silinda hugeuka na kujifunga mahali pake, springi hukazwa, na silaha hubaki imekokiwa, huku kifyatulio, yaani kile kidude kinachovutwa kwa kidole cha shahada, kikiwa hakina kazi nyingine isipokuwa kuiachia nyundo ianguke. Kufikia mwaka 1851 Robert Adams wa London alikuwa amekwisha kutengeneza rivolva ya aina nyingine, ambayo mvuto mmoja wa kifyatulio huizungusha silinda, huiinua nyundo na kuiangusha, na aina hiyo, iliyoboreshwa mwishoni mwa karne, ndiyo iliyokuja kukaa viunoni mwa polisi wa nchi nyingi kwa sehemu kubwa ya karne ya 20.

Mfano maarufu kuliko yote wa rivolva ya kukoki kwa gumba ni Colt ya mwaka 1873, iliyokubaliwa na Jeshi la Marekani mwaka huohuo, ikitumia risasi nene ya kipenyo cha takriban milimita 11.5 yenye ganda la chuma, ambalo ndani yake mna baruti na kitakoni mwake mna fataki, yaani kikombe kidogo chenye kemikali inayowaka inapogongwa. Askari wa farasi walipewa ile yenye mtutu wa inchi 7.5, sawa na sentimita 19, na raia wengi wakapendelea mitutu mifupi, hasa ya inchi 4.75. Jeshi lenyewe lilichagua rivolva ya mvuto mmoja mwaka 1892, baada ya miaka 19 tu, na kampuni ya Colt ikaacha kuitengeneza silaha yake ya kale mwanzoni mwa miaka ya 1940. Huenda ingebaki katika makabati ya makumbusho kama filamu na tamthilia za wachunga ng'ombe zisingetapakaa kwenye televisheni katika miaka ya 1950. Kampuni changa ya Ruger, iliyoanzishwa Connecticut mwaka 1949, iliwahi soko hilo kwa rivolva ndogo mwaka 1953 na kubwa zaidi mwaka 1955, na Colt ikarudi mwaka 1956. Inafaa asili hiyo ikumbukwe, maana mapenzi ya leo kwa silaha hii yamepitia zaidi kwenye skrini kuliko kwenye mafunzo ya jeshi au ya polisi, na skrini haikuwahi kuonyesha kwa uaminifu jinsi silaha hiyo inavyokaa kiunoni mwa mtu siku nzima.

Udhaifu mkubwa wa muundo wa 1873 hujitokeza wakati silaha imetulia. Pini ya kugongea fataki imeungwa kwenye nyundo yenyewe, kwa hiyo nyundo ikilazwa juu ya chemba yenye risasi, ncha ya pini huikalia fataki, na pigo lolote linaloiangukia nyundo kwa nyuma, kwa mfano bastola ikidondoka sakafuni, laweza kuilipua risasi bila ya mtu kugusa kifyatulio. Watengenezaji waliichonga nyundo kata ndogo ya kwanza, ambayo huishikilia mbali kidogo na fataki, lakini ncha ya chuma inayoingia katika kata hiyo ni nyembamba na huweza kuvunjika kwa kishindo kilekile ambacho ilikusudiwa kukizuia. Mnamo Januari 1876, mjini Wichita, Kansas, Wyatt Earp, ambaye wakati huo alikuwa askari polisi wa mji na ambaye jina lake baadaye lilikuwa alama ya ustadi wa bastola, aliketi na wenzake katika chumba cha nyuma cha baa, rivolva yake ikachomoka kwenye ala, nyundo ikagonga kiti, na risasi ikapita katika koti lake, ikagonga ukuta na kutokea darini. Gazeti la mji huo liliandika habari hiyo, na kwa bahati njema hakuumia mtu.

Kutokana na ajali za namna hiyo ilizuka desturi ambayo wenye busara wanaifuata mpaka leo kwa kila rivolva ya muundo wa zamani, yaani kutia risasi tano katika silinda ya chemba sita na kuilaza nyundo juu ya chemba tupu. Namna ya kufanya hivyo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha ni kiasi gani cha uangalifu kinachodaiwa hata kabla mtu hajatoka nyumbani. Nyundo huvutwa hadi nusu, ambapo silinda huwa huru kuzunguka. Kilango kidogo kilicho upande wa kulia hufunguliwa. Risasi moja hutiwa, chemba inayofuata huachwa wazi, kisha nne zinazobaki hujazwa moja baada ya nyingine. Baada ya hapo kilango hufungwa, nyundo huvutwa mpaka mwisho na kushushwa taratibu, nayo, ikiwa hesabu haikukosewa, hutua juu ya chemba tupu. Anayekosea hesabu kwa chemba moja huwa ameishusha nyundo juu ya risasi hai na kuondoka akiamini kwamba yuko salama, na kwa hiyo wakufunzi husisitiza kwamba silinda itazamwe kwa ubavu, ili ionekane kwa macho kwamba chemba iliyo chini ya nyundo haina kitako cha ganda.

Mwaka 1973 Ruger ilibadilisha mambo kwa kuweka ndani ya rivolva zake kibao chembamba cha chuma ambacho hupanda na kukaa kati ya nyundo na pini pale tu kifyatulio kinapovutwa hadi mwisho. Pini ikahamishwa kutoka kwenye nyundo na kuwekwa katika mwili wa silaha, na nyundo ikachongwa isiweze kuifikia yenyewe. Kibao kisipopanda, pigo la nyundo huishia kwenye chuma kitupu. Kwa rivolva hizo chemba zote sita zaweza kutiwa risasi, na kutia kwenyewe hakuhitaji tena kugusa nyundo, kwa kuwa kufungua kilango kunatosha kuiachilia silinda. Kampuni hiyo pia imekuwa ikiwafungia bila malipo wenye rivolva zake za kabla ya 1973 vifaa vya usalama wa aina hiyo, jambo ambalo mnunuzi wa silaha ya mitumba angefanya vyema kulijua, kwa maana rivolva mbili zinazofanana kabisa machoni zaweza kuwa tofauti kama mlango uliofungwa na ulioegeshwa. Nakala za Colt ya 1873 zinazotengenezwa leo Italia na kwingineko hazifanani katika jambo hili: baadhi zina kinga ya ndani na baadhi zimefuata muundo wa asili, na namna ya kujua ni kusoma kitabu cha maelekezo au kumwuliza fundi wa silaha, kwani umbo la nje halisemi lolote.

Likija suala la kuificha, rivolva kubwa ya aina hii ina shida iliyo wazi. Ina uzito wa karibu kilo moja, silinda yake inatokeza pande zote mbili, na mpini wake, uliopindwa ili silaha ijiviringe kidogo mkononi inapofyatuka, husukuma shati nje na kujitangaza kwa kila anayejua kutazama. Wanaoibeba kwa siri hutumia mtutu mfupi, ala ya ngozi iliyobanwa karibu na mbavu, na koti au shati pana lisilochomekwa, na hata hivyo kukaa kwa muda mrefu garini huwa ni adha. Ala yenyewe haina budi kukifunika kifyatulio chote na kuishikilia silaha isichomoke mtu anapokimbia au kuinama, na haifai kabisa rivolva hiyo kuchomekwa tu ndani ya mkanda au kutupwa mkobani pamoja na funguo, simu na kalamu, ambako chochote chenye ncha chaweza kuingia mahali pa kidole.

Kwa sababu hiyo, rivolva ya kukoki kwa gumba inayokaa vizuri mfukoni ni ndogo mno, ya aina inayotengenezwa na kampuni ya North American Arms ya Provo, Utah. Mitindo yake midogo hupotelea kabisa katika kiganja, ina uzito wa takriban gramu 130, na hubeba risasi tano nyembamba za kipenyo cha milimita 5.6. Silinda yake imechongwa vijikata katikati ya chemba na chemba, na nyundo ikilazwa ndani ya kijikata kimoja haigusi risasi yoyote, hata chemba zote tano zikiwa zimejaa. Lakini kinga hiyo hutegemea mwenye silaha kuiweka nyundo hapo kwa mkono wake, na anayesahau hurudi kwenye hatari ileile ya 1876. Kifyatulio chake ni kijipande kinachotokeza chini bila kizingio, mpini unashikika kwa vidole viwili, na kutia risasi nyingine katika mitindo mingi kunahitaji silinda yote ing'olewe. Risasi yenyewe ni ya aina ambayo kemikali ya kuwashia imesambazwa ukingoni mwa ganda badala ya kuwekwa katikati, na aina hiyo hushindwa kuwaka mara nyingi zaidi kuliko risasi zenye fataki ya katikati. Inapotoka katika mtutu wenye urefu usiozidi sentimita tatu au nne, nguvu yake hupungua sana, na shabaha ya hatua chache tu huwa kazi ngumu hata kwa mtu aliyetulia. Wanaoitetea husema kwamba bastola iliyomo mfukoni ina faida kuliko kubwa iliyoachwa nyumbani, na hoja hiyo ina ukweli wake, mradi anayeibeba asijidanganye kuhusu kile alichonacho.

Sekunde za matumizi nazo zina hesabu yake. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City, aliandika makala iliyobadilisha mafunzo ya polisi Marekani, ambamo alionyesha kwamba mtu wa kawaida mwenye kisu anaweza kukimbia futi 21, yaani kama mita 6.4, kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi, muda uleule ambao askari aliyefunzwa huuhitaji kuchomoa bastola na kupiga shabaha kifuani. Askari huyo huvaa ala yake nje ya nguo. Raia anayeficha silaha yake ana koti la kulisogeza, ana mpini wa kuutafuta kwa kupapasa, na akiwa na rivolva ya aina hii bado anadaiwa kulipandisha gumba kwenye nyundo na kuivuta mpaka isimame. Mwili uliojaa hofu humwaga homoni ya adrenalini, moyo huenda mbio, macho huona kitu kimoja mbele na kupoteza vya pembeni, na vidole hupoteza ule wepesi unaohitajika kwa kazi ndogondogo, ambayo ndiyo hasa kazi ya kukoki. Mkono mmoja ukiwa umemshika mtoto au unamsukuma mshambuliaji, gumba la mkono wa pili halina msaada; na risasi ya kwanza ikikosa, tendo lote hurudiwa, huku kujaza silinda upya kwa kupitia kile kilango, ganda moja likisukumwa nje na risasi moja ikiingizwa, kukiwa ni jambo lisilowezekana wakati mapambano yanaendelea.

Haki inataka sifa zake zitajwe pia, nazo si za kubuni. Kifyatulio cha rivolva iliyokokiwa ni chepesi, kwa kawaida cha nguvu isiyozidi kilo mbili, ikilinganishwa na takriban kilo tano za mvuto mrefu wa rivolva ya aina nyingine, na wepesi huo huleta ulengaji mzuri. Risasi isipowaka, kukoki tena huleta nyingine. Na mtu aliyeizoea kwa miaka mingi ya kuwinda au ya mashindano anaweza kuitumia kwa kasi inayostaajabisha. Mashindano hayo, ambayo washiriki wake huvaa mavazi ya karne ya 19 na kutia risasi tano katika silinda za chemba sita, yamewapa maelfu ya Wamarekani mazoezi ya kweli. Kinachosahauliwa ni kwamba shabaha ya mashindano ni bamba la chuma, na bamba la chuma halibadilishi nia.

Mshambuliaji hubadilisha nia, na hapo ndipo silaha hii inapokuwa na dai lake zito kuliko yote. Watu wengi waliowahi kutoa bastola kujilinda hawakulazimika kufyatua, kwa kuwa aliyewatishia alikimbia au alinyosha mikono, na kwa mwenye rivolva ya mvuto mmoja jambo huishia hapo, maana nyundo yake haikuwa imeinuliwa. Mwenye rivolva ya kukoki kwa gumba hubaki ameishika silaha iliyo tayari kulipuka kwa mguso mdogo, katika mkono unaotetemeka na kutoa jasho, pengine mbele ya watu wa nyumbani wanaomkimbilia kumkumbatia, na njia pekee ya kuishusha nyundo bila kufyatua ni kuikamata kwa gumba, kukivuta kifyatulio kwa makusudi juu ya risasi hai, na kuiachia nyundo iteremke polepole bila kuponyoka. Ni mambo machache mno katika matumizi ya kawaida ya silaha yanayomtaka mtu afanye tendo lilelile la kuua ili asiue. Mafunzo mazuri humtaka kwanza auelekeze mtutu ardhini mahali pasipo na mtu wala sakafu ya zege inayoweza kuirusha risasi, aitumie mikono miwili, akiache kifyatulio mara nyundo inapoanza kusogea, na afanye yote hayo baada ya pumzi yake kurudi. Mazoezi hayo hayana budi kufanywa mara nyingi kwa silaha tupu iliyokaguliwa, kwa kuwa mkono haujifunzi jambo hilo siku ya hatari.

Idara za polisi zililipa kwa gharama kubwa ili kulijua hilo. Rivolva za polisi za karne ya 20 ziliweza kutumika kwa njia zote mbili, kwa mvuto mrefu au kwa kukokiwa kwanza, na baada ya matukio ya askari waliokoki mbele ya mtuhumiwa kisha wakafyatua bila kukusudia, idara kubwa kama za Los Angeles na New York zilichukua hatua ya kuondoa kabisa uwezo wa kukoki katika rivolva za askari wao. Kilichoondolewa na polisi hao ndicho pekee kilichobaki katika silaha inayozungumzwa hapa, na raia anayeichagua yampasa ajue kwamba anakwenda kinyume cha uamuzi uliofikiwa na watu waliobeba bastola kila siku kwa kazi.

Sheria nayo ina historia inayopingana na picha ya filamu. Kentucky na Louisiana zilipiga marufuku silaha zilizofichwa mwaka 1813, kwa imani iliyoenea wakati huo kwamba mtu mwema huvaa silaha yake hadharani na anayeficha ana nia mbaya, na mji wa Tombstone, Arizona, ulitunga mwaka 1881 sheria iliyowataka wageni kuzisalimisha silaha zao mara wanapoingia mjini. Mapigano mashuhuri ya Oktoba mwaka huohuo, ambayo watu watatu waliuawa karibu na zizi la O.K. Corral, yalitokea Virgil Earp, nduguye Wyatt na mkuu wa polisi wa mji huo, na wenzake walipokwenda kuwanyang'anya silaha watu waliokuwa wakiikaidi sheria hiyo. Kwa maneno mengine, katika zama ambazo Colt ya 1873 ilikuwa silaha mpya, miji mingi iliyoifanya iwe maarufu ilikataza kuibeba.

Mgeuko ulikuja baadaye sana. Florida ilipitisha mwaka 1987 sheria iliyoilazimu mamlaka kumpa kibali kila aliyetimiza masharti, Texas ikafuata mwaka 1995, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya mtu binafsi kuwa na bastola nyumbani mwake kwa kujilinda. Mnamo Juni 2022 mahakama hiyo ilipanua haki hiyo nje ya nyumba, ilipoifuta sheria ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe sababu maalumu ya kubeba. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 kati ya 50 yalikuwa yanaruhusu kubeba silaha kwa siri bila kibali chochote. Kuondolewa kwa kibali kumeondoa mahali pengi sharti la mafunzo lililoambatana nacho, na hilo ni hasara kubwa kwa wanaochagua silaha inayodai ustadi, kwa sababu mtu anaweza leo kununua rivolva ya muundo wa zamani asubuhi na kutembea nayo jioni, ikiwa na risasi sita, bila kusikia kutoka kwa mtu yeyote habari za chemba tupu.

Haki ya kubeba haimaanishi haki ya kufyatua. Katika majimbo yote, anayedai kujilinda hupimwa kwa maswali yanayofanana: iwapo hatari ilikuwa ya papo hapo, iwapo mtu mwenye akili timamu angehofia kifo au jeraha kubwa, iwapo nguvu aliyoitumia ililingana na tishio, na iwapo yeye mwenyewe hakuwa mchokozi. Majimbo mengine humtaka aondoke akiweza kufanya hivyo kwa usalama, na mengine, kama Florida tangu 2005, hayamtaki. Rivolva iliyokokiwa huingiza ugumu wake katika maswali hayo, kwa maana kujilinda ni kukiri kwamba mtu alikusudia kufyatua kwa sababu ya haki, ilhali risasi iliyoponyoka kutokana na kifyatulio chepesi ni uzembe, na mshtakiwa hawezi kuyashika yote mawili. Hata kuivuta nyundo mbele ya mtu katika ugomvi wa maegesho ya magari kwaweza kuwa kosa la jinai bila risasi yoyote kutoka.

Kwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia Marekani, jambo hili lina uzito wa ziada, hasa kwa wale waliotoka nchi ambako silaha ni leseni na si haki, kama Kenya, ambako Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humwacha mwombaji mikononi mwa bodi ya leseni, au Tanzania, yenye sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Sheria ya shirikisho ya Marekani humkataza asiye na hati halali kumiliki au hata kushika silaha, na kwa kawaida humkataza pia aliyeingia kwa viza ya muda, akiwemo mwanafunzi na mtalii, isipokuwa kwa ruhusa chache kama ya mwenye leseni ya uwindaji. Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa, lakini kupatikana na hatia ya kosa la silaha kunaweza kumfukuzisha nchini hata kama kifungo chake kilikuwa kifupi. Dereva wa lori anayetoka Texas, ambako hakuhitaji kibali, huingia New Jersey na kujikuta mtuhumiwa wa kosa kubwa kwa bastola ileile, kwa kuwa majimbo hayalazimiki kutambuana katika jambo hili.

Zinabaki saa ambazo silaha haimo kiunoni wala mfukoni, na hizo ndizo nyingi kuliko zote. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2021 zinaonyesha vifo 48,830 vilivyotokana na silaha za moto, na kati yake 26,328 vilikuwa vya watu waliojiua, yaani zaidi ya nusu. Bastola iliyonunuliwa kwa hofu ya mgeni mlangoni huwa, katika wiki moja mbaya ya mwenye nyumba au ya kijana wake, njia fupi isiyo na nafasi ya kujuta. Nyundo inayohitaji kuvutwa haizuii hilo, na mtoto ambaye gumba lake halina nguvu hutumia magumba mawili. Kwa hiyo rivolva inapovuliwa hufunguliwa kilango, risasi huhesabiwa zikitoka moja moja, waya wa kufuli hupitishwa katika mtutu, na risasi huwekwa mbali na silaha, chini ya ufunguo mwingine. Nayo ile ndogo ya Utah hung'olewa silinda yake, ambayo hufungiwa katika droo tofauti na mwili wake.